Wajerumani hawakutubu mwaka 1945

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mwanafunzi wangu wa uzamili: "Mwalimu, Wajerumani waliungama makosa yao ya Kinazi mara tu Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha. Mbona Songea walikuja kuomba radhi 2023?" Uchungu wa Maji Maji naujua. Ila hilo la kuungama mara tu vita vilipoisha, hapana.

Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Kinazi, ilikuwa mahakama ya mataifa manne yaliyoshinda vita, si ya Wajerumani wenyewe. Baada yake zikaja fomu za maswali 131 za kuwachuja Wanazi, na majirani wakaandikiana barua za kusafishana hadi zikaitwa vyeti vya Persil, jina la sabuni ya kufulia. Hans Globke, aliyeandika ufafanuzi wa sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, aliongoza ofisi ya Adenauer, Kansela wa Ujerumani Magharibi, kuanzia 1953 hadi 1963. Hapo sina la kuongeza.

Nataka tukae kwenye kesi ya Frankfurt kuhusu Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Desemba 1963 hadi Agosti 1965, kwa sababu hata wanaoitaja huielewa nusu. Ilisukumwa na Fritz Bauer, Myahudi aliyewahi kufungwa na Wanazi, wakati huo akiwa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hessen. Washtakiwa, waliokuwa wamehudumu kambini humo, hawakutolewa mafichoni. Oswald Kaduk alikuwa muuguzi Berlin Magharibi, wagonjwa wakimwita Papa Kaduk. Victor Capesius alikuwa na duka la dawa Göppingen.

Kinachoniudhi ni watu kusema "walihukumiwa kwa mauaji ya halaiki". Hawakuhukumiwa kwa hilo! Mahakama ilitumia sheria ya kawaida ya jinai, ikitaka ushahidi wa kila mtu na tendo lake: nani aliua, lini, mahali gani. Manusura zaidi ya 200 walisimama kizimbani wakibanwa na mawakili kuhusu siku na saa, ilhali kambini mfungwa hakuwa na saa wala kalenda. Tena aliyeua kwa chuki yake mwenyewe alihesabiwa muuaji, na aliyetekeleza amri mara nyingi alihesabiwa msaidizi tu. Kaduk, aliyepiga na kuua kwa mikono yake, alipata kifungo cha maisha. Robert Mulka, msaidizi wa kamanda wa kambi, ambaye saini yake ilikuwa kwenye ruhusa ya gari la kwenda mji wa Dessau kuchukua sumu ya gesi, alipata miaka 14. Yaani kadiri ulivyoua ukiwa umekaa mezani, ndivyo sheria ilivyokuona mdogo. Kila mwaka nikilifundisha hili natetemeka kwa hasira.

Vitabu husema kesi hiyo ililiamsha taifa. Mimi nasita. Ukomo wa muda wa kushtaki mauaji ulifutwa Julai 1979 tu, miezi michache baada ya tamthilia ya televisheni ya Kimarekani kuhusu familia moja ya Kiyahudi kutazamwa na mamilioni ya Wajerumani Magharibi. Huenda sebule zilifanya kazi kubwa kuliko mahakama. Jibu hilo silipendi, lakini sijapata la kulipinga.

Bauer alishikilia kwamba kambi nzima ilikuwa tendo moja la kuua, na kila aliyeiendesha alishiriki. Mahakama ya Munich ilikuja kumhukumu mlinzi wa kambi ya Sobibor kwa hoja ya namna hiyo mwaka 2011. Bauer alifariki Julai 1968.