Kutangulia kuvumbua: maana yake katika hataza za programu

Wengi hudhani hataza hupewa aliyewaza jambo kwanza. Sivyo. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, siku hizi aghalabu kwa miaka 20 tangu siku ya ombi. Nawe kwa upande wako unauweka wazi watu wausome. Kuuweka wazi ndiko kunakoamua mambo mengi.

Chukua RSA, njia ya kusimba ujumbe iliyokuja kulinda malipo ya mtandaoni. Mwaka 1973 Clifford Cocks, mwanahisabati kijana wa idara ya ujasusi ya Uingereza, GCHQ, aliipata jioni moja nyumbani, kichwani tu, kwa sababu hakuruhusiwa kuandika mambo ya kazi nje ya ofisi. Baadaye akaiandika kazini, na karatasi ikawa siri ya serikali. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakaifikia wenyewe, bila habari. Waliomba hataza Desemba 14 mwaka huohuo, wakaipata 1983. Kazi ya Cocks ilitangazwa 1997.

Wakati ule Marekani ilimtambua aliyevumbua kwanza, ndiyo maana wahandisi walitunza madaftari yenye tarehe na saini za mashahidi. Hata hivyo Cocks asingewapiku, kwani sheria ilihesabu uvumbuzi uliofanyika Marekani na usiofichwa. Wake ulikosa yote mawili. Inauma, lakini naiona ni sawa: umma haukuwa umepata chochote kwake.

Wale watatu nao walipoteza kitu. Njia yao ilielezwa katika jarida la Scientific American la Agosti 1977, kabla ya ombi. Marekani ilimpa mvumbuzi muhula wa mwaka mmoja baada ya kutangaza; Ulaya ilishika kwamba kilichotangazwa si kipya tena, hata mtangazaji akiwa wewe mwenyewe. Basi mpaka mwaka 2000 RSA ilikuwa na mwenyewe Marekani, na Ulaya ikatumika bure.

Tangu Machi 16, 2013 Marekani nayo humtazama aliyetangulia kuwasilisha ombi, na muhula ule bado upo. Daftari la siri halisaidii tena. Msimbo wa programu uliolala kwenye kompyuta yako haubatilishi hataza ya mtu. Ukiwa ulikuwa hadharani kabla ya ombi lake, unaweza kuibatilisha. Na kama ulikuwa ukiutumia kimyakimya katika biashara, Ujerumani na Uingereza hukuruhusu kuendelea, huku hataza yake ikibaki palepale.