Mamlaka kuu ya Bunge, na hilo neno "maoni"

Juzi tena, kijiweni, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliweka kikombe cha kahawa chini akaufunga mjadala wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa pumzi moja: "Si ilikuwa kura ya maoni? Maoni hayamfungi mtu." Kijana aliyekaa mkabala naye akasema wananchi wakishapiga kura, mbunge hana lake tena. Nimeyasikia haya mawili mara nyingi mno.

Mamlaka kuu ya Bunge ni hivi: Bunge la Uingereza linaweza kutunga au kufuta sheria yoyote, hakuna mahakama ya kuibatilisha, na Bunge la leo haliwezi kulifunga la kesho. Basi. Waarabu wakisema "mamlaka" wanamaanisha ufalme. Neno hilo ni ndugu wa malkia na milki. Linakaa vizuri hapa, kwa sababu kule London uwezo huo ulitoka mikononi mwa mfalme.

Linaloniudhi ni "kura ya maoni". Tumelibebesha mizigo mitatu: watafiti wanaouliza watu watamchagua nani, mchujo wa wagombea ndani ya chama, na nchi nzima kuulizwa jambo moja. Kwenye mchujo, aliyeongoza anaweza kukatwa kikaoni na mambo yakaendelea, kwa hiyo simshangai mzee wangu. Wakenya wengi husema "kura ya maamuzi". Afadhali, ila nalo linaahidi kupita kiasi, kwa kuwa si kila kura ya namna hiyo huamua yenyewe.

Kinachoamua ni sheria iliyoiitisha. Mwaka 2011 Waingereza waliulizwa kama wabadili namna ya kuchagua wabunge. Sheria ya kura ile ilimwagiza waziri kabisa: wakisema ndiyo, uuanzishe mfumo mpya. (Walisema hapana.) Sheria ya 2015, iliyozaa kura ya Juni 2016, haikusema lolote kuhusu siku ya pili yake. Asilimia 51.9 walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya, na karatasi ikaishia hapo. Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 3, ikasema matokeo yana uzito mkubwa wa kisiasa, lakini serikali haiwezi kuanza safari ya kutoka bila sheria ya Bunge. Wabunge wakaipitisha Machi. Kisheria wangeweza kukataa. Kisiasa wengi wao hawakuthubutu.

Hoja hiyo usiivushe bahari. Katiba ya Kenya, ibara ya 1, inasema mamlaka yote kuu ni ya watu. Mabadiliko ya Katiba yanayogusa mambo makuu yaliyoorodheshwa katika ibara ya 255 hupelekwa kwa wapigakura, na yakipita Rais hutia saini ndani ya siku 30 tangu matokeo yathibitishwe. Hayarudi bungeni kuulizwa upya. Tanzania nayo, sheria inayokwenda kinyume na Katiba ni batili, hata wabunge wote wakiipigia makofi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kwa London umepatia, ila neno "maoni" halihusiki. Na wewe kijana, ungekuwa unaizungumzia Kenya ningekaa upande wako.