"Shukia Ubungo," na mengine unayoambiwa kabla hujaja Dar

Majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka tu, wadogo zangu wa Iringa huanza kunipigia simu. Wanakuja na ushauri tayari mfukoni, wamepewa na mjomba aliyewahi kukaa Dar. Mjomba hadanganyi. Ila Dar aliyoiacha siyo hii.

Chukua hilo la kushukia Ubungo. Kweli, zamani basi lilikuwa linaishia pale. Tangu 2021 mabasi ya mikoani yana Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, unakifikia kabla hujaiona Ubungo. Mwambie anayekupokea aje huko, usimwache azunguke na simu yako imezima chaji.

"Nimechaguliwa, kwa hiyo chumba kipo."

Hakipo, mpaka upangiwe. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zina majengo 20 na nafasi 3,840. Ni nyingi, ila wanaoziomba ni wengi zaidi. Ukikosa huko na hosteli ya Mabibo, labda upate mwenzio akubebe: watu wawili kitanda cha mmoja, begi uvunguni, na kila mlango ukigongwa roho inakuruka. Wengine tunaenda kupanga Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza. Siyo aibu wala siyo adhabu ya waliochelewa.

"Chumba ni elfu sabini."

Hapa ndipo watu wanapolia. Elfu sabini ni ya mwezi, lakini mwenye nyumba hapokei ya mwezi. Anataka miezi sita, mwingine mwaka mzima. Wa miezi mitatu wapo, ila uwatafute kwa tochi. Sabini mara sita ni 420,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, tayari 490,000. Na kabla ya hapo umeshatoa hela ya kuonyeshwa, elfu tano huku, elfu kumi kule, kwa dalali ambaye vyumba viwili vya kwanza alijua wazi hutavitaka. Godoro bado. Ndoo bado. Kufuli bado.

"Si bumu litatoka?" Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, litatoka, kwa awamu, na awamu ya kwanza huipati kabla hujasajiliwa chuoni. Mwenye nyumba hasubiri bumu. Hela ya kuanzia ije nayo kutoka nyumbani, au mpange wawili.

Halafu kuna kishika uchumba. Dalali anakwambia kuna mwingine anakuja jioni, tuma hata elfu hamsini nikushikie. Mwaka wangu wa kwanza nilituma. Siku ya kuhamia tulikutana watatu getini, kila mtu na godoro lake, kila mtu na ujumbe wa muamala kwenye simu, namba ile ile ambayo sasa ilikuwa haipatikani. Mpangaji wa chumba chenyewe akatoka na mswaki mdomoni, akatuuliza tunamtafuta nani. Tangu hapo sitoi hata mia kabla sijaonana na mwenye nyumba mwenyewe na kuwauliza wapangaji kama ndiye wanayemlipa.

"Angalia kwenye ramani, ni karibu."

Dar umbali haupimwi kwa kilomita. Unayesoma IFM, chuo cha fedha kilichoko mjini kati, ukiambiwa Kigamboni unaona ni kijijini, kumbe ukipanga karibu na feri unavuka na pantoni, ukishuka Kivukoni unatembea kwa miguu mpaka darasani. Siku pantoni zikisumbua, ndiyo, utazunguka darajani. Aliyepanga Kimara ana mwendokasi, barabara yake peke yake, ila ajaribu kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndipo aniambie kama alipata hata pa kuweka mguu. Kabla hujalipa, safiri siku moja ya kazi kutoka hapo mpaka chuoni, asubuhi ile ile utakayokuwa unakwenda. Na nauli hesabu ya mtu mzima: konda anaangalia sare, hana habari na kitambulisho chako cha chuo.

"Uswahilini kuna wezi, tafuta nyumba yenye geti."

Kompyuta yangu iliibiwa kwenye nyumba yenye ukuta na geti, ambako wapangaji hatukujuana hata majina. Nilipohamia Manzese, mama wa vitumbua anakaa barazani tangu alfajiri, na anamjua kila anayeingia na mzigo na kila anayetoka nao. Sisemi wezi hawapo. Nasema wapo pande zote. Jitambulishe kwa mjumbe, maana iko siku utatakiwa barua ya serikali ya mtaa, na yeye ndiye ataulizwa kama anakufahamu.

"Chumba kizuri, kina vigae."

Vigae havikupi maji. Fungua bomba, nawa kwa sabuni: ikikataa kutoa povu, hayo ni maji ya chumvi ya kisima, na ya kunywa utanunua. Uliza LUKU ni ya nani. Kwetu tulikuwa sita kwa mita moja, mwenye friji na mwenye taa moja tunachanga sawa, na umeme ukikata saa tano usiku nyumba nzima inajifanya imelala. Chumba kiangalie saa nane mchana, jua likiwa juu ya bati, maana dalali anapenda kukupeleka jioni kukiwa na upepo.

Na kama ni bondeni, Kigogo au popote karibu na Mto Msimbazi, usiangalie rangi ya ukuta. Wanaokumbuka Desemba 2011 wanajua ule mto unavyopanda. Muulize jirani, siyo dalali, masika yaliyopita maji yalifika wapi. Mimi niliyemuuliza hakusema kitu, aliinama tu akagusa goti lake.