Pua Bapa, Bamba Nene: Jinsi Chuma Kinavyotobolewa

Ninapoletewa bamba la chuma lililotobolewa na risasi, huligeuza kwanza nitazame mgongo wake, kwa maana upande ilikotokea risasi ndio unaoonyesha chuma kilishindwa kwa njia gani. Atakayepigilia msumari kwenye bati la kopo ataona njia mojawapo: ukingo wa tundu huchanika na kujikunja nyuma kama petali. Bamba nene likipigwa na risasi yenye pua bapa hutoa kizibo, yaani kipande cha duara kinachokaribia kipenyo cha risasi yenyewe, kilichokatwa pembeni kote. Kizibo hicho kikiokotwa, mimi hukithamini kuliko bamba.

Wengi huamini kwamba pua iliyochongoka ndiyo hatari zaidi. Mtafiti Tore Børvik na wenzake, huko Trondheim nchini Norway, walifyatua risasi za chuma kigumu zenye kipenyo cha milimita 20 na uzito wa gramu 197 kwenye mabamba ya Weldox 460 E, aina ya chuma cha ujenzi, yenye unene wa milimita 12. Zenye pua bapa zilianza kupenya kwa kasi ya takriban mita 185 kwa sekunde, ilhali zenye pua ya koni zilihitaji takriban mita 290. Kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, pua ya koni ilidai karibu mara mbili na nusu ya nishati.

Koni hupenya kwa kukisukuma chuma kingi pembeni, na kazi hiyo ni kubwa. Ukingo mkali wa pua bapa hukusanya mkato wote katika ukanda mwembamba sana, ambamo sehemu kubwa ya kazi hugeuka joto lisilopata muda wa kusambaa. Chuma cha ukanda huo hulainika, kikilainika mkato huzidi kujikusanya papo hapo, na joto huongezeka tena. Nikikisugua kizibo na kukitia asidi, mara nyingi huuona ukanda huo chini ya hadubini, mweupe.

Kwa sababu hiyo napinga vikali desturi ya kuchagua bamba kwa kutazama uimara wake peke yake. Watafiti haohao walipotumia Weldox 700 E na 900 E, zilizo imara zaidi, kasi ya kupenya ilipanda kwa pua ya koni lakini ikashuka kwa pua bapa. Takwimu hizi, hata hivyo, zisihamishiwe kwenye mabamba membamba, ambayo hubonyea kama bakuli na kuvutika eneo pana kabla ya kukatika.