Makoti manane kwanza: kujaribu koti la kitenge na flisi kabla ya msimu wa baridi

Baridi ya Mbeya huuma kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo koti la kuuzwa Juni lijaribiwe mwezi wa nne au wa tano. Ukilipeleka soko la Mwanjelwa mwezi wa kumi, jua litakujibu kwa niaba ya wateja, na utalilaumu koti bure. Hata mahali pana jibu lake. Kyela ni joto, Makete ni baridi kali, na koti moja haliwezi kupimwa kote kuwili kwa kipimo kimoja.

Koti ninalolizungumzia hapa ni la kike: nje kitenge, ndani flisi, yaani kile kitambaa chenye manyoya mafupi cha mablanketi mepesi, mbele zipu. Nashauri ushone manane ya majaribio kwanza. Mkato uwe mmoja, vitenge viwe viwili, kila kitenge makoti manne: M mawili, L moja, XL moja. Ukibadilisha mkato, kola na kitenge kwa pamoja, halafu wateja wakalikataa, hutajua wamekataa nini.

Kabla ya kugusa kitenge, shona moja la marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua. Wengi hulishona bila bitana, linakaa vizuri, kisha koti halisi linabana. Flisi ya unene wa milimita 3 hula karibu sentimita 2 za mzunguko wa kifua. Basi hata hilo la marekani litie flisi, na anayelijaribu avae sweta lake. Kifua cha sm 96 nakipa nafasi ya sm 16, koti liwe na 112. Mwambie ainue mikono kama anayepandisha mzigo kwenye Coaster. Pindo likipanda sana, usiongeze upana. Kikwapa ndicho kimechimbwa chini mno.

Sasa kitenge chenyewe. Kata kipande cha sm 50 kwa 50, fua kwa sabuni na maji ya vuguvugu, anika, piga pasi, pima tena. Kikirudi na 48.5 kimenywea asilimia 3, maana yake koti la kifua 112 litapoteza zaidi ya sm 3 siku mteja akilifua. Flisi haitanywea pamoja nacho, kwa hiyo bitana itabaki kubwa na kuchungulia chini ya pindo. Dawa ni kufua kitenge chote kabla ya kukata. Kipande hicho hicho, kikiwa kimelowa maji, kilaze juu ya kitambaa cheupe upige pasi. Kikiacha doa, kinachuja, nacho kitaharibu nguo ya mtoto atakayebebwa mgongoni.

Kwenye cherehani, kosa kubwa ni kuweka kitenge chini na flisi juu. Mguu wa cherehani husukuma flisi mbele, inavutika, ukifika mwisho wa mshono imezidi kitenge kwa kidole kizima, na fundi anaikata kwa mkasi kana kwamba hakuna kilichotokea. Geuza: flisi iguse meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, kitenge kiwe juu. Legeza mgandamizo wa mguu kidogo, tumia sindano namba 16, hatua ya mshono milimita 3 hadi 3.5. Mishono ya kitenge ipigwe pasi kabla ya kuunganishwa na flisi, kwa sababu flisi ni poliesta: pasi ya moto wa pamba huiyeyusha. Na mikononi usitie flisi kabisa. Hung'ang'ania sweta, mteja anavuta mkono na sweta linapanda hadi kiwiko. Tia bitana laini inayoteleza.

Kwa kila koti hesabu yadi 3 za kitenge ili maua ya mbele yakutane kwenye zipu, meta 1.5 za flisi yenye upana wa sm 150, na meta 0.7 za bitana ya mikono. Makoti manane ni vipande vinne vya yadi 6. Gharama ya koti moja, kwa shilingi, tuseme ni kitenge 15,000, flisi 12,000, bitana 3,000, zipu 2,500, uzi 1,500, fundi 15,000: jumla 49,000. Ongeza sehemu ya kumi ya kuharibika, unafika 53,900. Aliyesahau kuhesabu fundi kwa sababu fundi ni yeye mwenyewe, bei yake ni ya uongo.

Matatu kati ya manane yagawe yavaliwe wiki mbili na kufuliwa mara nne: moja kwa anayepanda bodaboda alfajiri, moja kwa mama wa sokoni, moja kwa mwalimu. Yakirudi, usiulize kwanza, yageuze ndani. Angalia pembe za mifuko (simu huzivuta, zikaze kwa kushona mara tatu), mwisho wa zipu, na mshono wa mgongoni kwa aliyebeba mtoto.

Matano yaliyobaki yauze kwa bei kamili. "Jamani limependeza, ukishona mengi uniambie" ni adabu, na hata "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, haijawahi kununua zipu. Nahesabu aliyelipa, au aliyeacha nusu ya fedha. Matatu yakilipiwa ndani ya wiki mbili, naagiza thelathini. Yakilipiwa ya kitenge kimoja tu, mkato hauna kosa. Naacha kile kingine.

Ila kabla ya kupokea fedha ya mtu, muulize muuza vitenge vimebaki vipande vingapi vya ua lile, na umlipe akuwekee kando. Ua hupotea sokoni ghafla, na likirudi mara nyingine rangi yake si ile. Kata kipande cha upana wa kiganja, kibane kwenye karatasi ya mkato, uende nacho dukani ukilinganishe nje, kwenye mwanga wa jua.