Namna mgonjwa anavyohudumiwa na namna anavyoyaona maisha yake

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, maswali tunayoulizwa na wananchi wa Dodoma karibu yote yamekuwa ya fedha: nitachangia kiasi gani, kadi itatumika wapi, mzee wangu ataingia katika kundi gani. Maswali hayo ni ya haki na yana watu wa kuyajibu. Makala haya yanahusu swali jingine, ambalo kitengo cha ubora wa huduma hukutana nalo kila siku na ambalo kadi peke yake hailimalizi: mgonjwa akishaingia mlangoni anatendewaje, na kutendewa huko kunamwachia nini akisharudi nyumbani kwake. Tunaliandika sasa kwa kuwa malalamiko ya mdomo yanaongezeka, ilhali fomu za maoni zinazorudishwa kwetu, nyingi hazina neno lolote ndani yake ila tiki kwenye kila mstari.

Watafiti wanapotaka kujua mtu ameridhika na maisha yake kwa kiasi gani, hawamuulizi kama leo ana furaha. Kipimo kinachotumika sana ni cha ngazi, alichokieleza Hadley Cantril wa Marekani mwaka 1965. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na cha chini kikiwa mabaya kuliko yote, kisha ataje kidato alichosimama. Mkulima wa uwele wa Bahi akijibu swali hilo huhesabu mavuno, watoto, madeni, ndoa na majirani, na afya yake huingia katika hesabu hiyo hata kama hakuitaja. Huduma ya afya huingia pia, na haiingii kwa njia ya kupona peke yake. Watu wawili wanaweza kutibiwa ugonjwa uleule kwa dawa ileile na wakapona wote, mmoja akarudi kijijini akijua kwamba siku akiugua tena ana mahali pa kwenda, mwingine akarudi akiwa ameapa kwamba hatakanyaga tena pale hadi abebwe.

Shirika la Afya Duniani lililizingatia jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilipoweka miongoni mwa malengo ya mfumo wa afya, sambamba na afya yenyewe na uchangiaji wa gharama ulio wa haki, wajibu wa kuitikia matarajio halali ya watu. Ndani ya wajibu huo zimo heshima ya utu, kutunza siri, kumshirikisha mgonjwa katika uamuzi na kumhudumia bila kumchelewesha. Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet Global Health ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 5 kila mwaka hutokana na huduma duni kwa watu waliokwisha kufika kwenye huduma, wakati vifo milioni 3.6 hutokana na watu kutofika kabisa. Takwimu hizo zinapaswa kutusumbua sisi watoa huduma, kwa sababu tulizoea kuamini kwamba mgonjwa akishafika kwetu kazi kubwa imekwisha.

Katika maelezo tunayoyapokea, ukali wa lugha hutajwa sana, lakini kinachoacha kidonda kirefu zaidi ni kutoelezwa. Chukua mama wa Kibaigwa ambaye ameambiwa ana shinikizo la juu la damu, akapewa karatasi ya dawa na kuonyeshwa dirisha la dawa. Hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa huo huwa hauumi, kwamba dawa zake hazikomi kopo linapokwisha, wala kwamba akiona miguu inavimba arudi aulize badala ya kuziacha. Baada ya mwezi anajisikia vizuri, anaacha dawa. Akipata kiharusi baadaye, watu wa nyumbani watasema ni mapenzi ya Mungu, binti yake ataacha biashara ya alizeti ili amhudumie, na nyumba nzima itashuka vidato kadhaa kwenye ngazi ile. Dakika tano za maelezo zilikosekana, na madhara yake hayaonekani kwenye daftari lolote la hospitali.

Kwa wenye magonjwa ya kudumu hali hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa kukutana na sisi ni sehemu ya maisha yao ya kawaida. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na hali yake imetengemaa siku hizi anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa Chipogolo hapotezi tena siku za kulima msimu wa mvua, halipi nauli kila mwezi, na hakai kwenye benchi ambako shemeji yake anaweza kumwona. Ukimuuliza kuhusu maisha yake, hayo ndiyo atakayoyataja.

Hapa inahitajika tahadhari. Uhusiano kati ya huduma na kuridhika na maisha unakwenda pande mbili. Mtu ambaye mambo yake yamenyooka husifu huduma kwa wepesi, na aliyefiwa au mwenye madeni huona kasoro ambazo mwenzake hakuziona, kwa hiyo si sahihi kumhukumu muuguzi kwa alama za fomu peke yake. Aidha, anayeulizwa akiwa bado ndani ya geti, dawa mkononi, kwa kawaida atashukuru, maana adabu yetu haituruhusu kumsema mwenyeji ndani ya nyumba yake. Na aliyezoea kukosa dawa ataridhika kwa kupata panadoli. Ndiyo maana kuuliza "umeridhika?" hakutoshi, na fomu nzuri huuliza kilichotokea: ulisubiri kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, uliambiwa jina la ugonjwa wako, mlango ulifungwa ulipokuwa unapimwa, uliambiwa gharama kabla ya kipimo au baada yake?

Kuridhika kunaweza pia kupotosha, na katika hili naomba wananchi watusikilize. Bado tunao watu wengi wanaoamini kwamba daktari asiyeandika sindano au dripu hajatibu. Mafua ya virusi hayatibiwi kwa antibiotiki, na daktari anayekataa kukuandikia anakulinda wewe na mtoto wako dhidi ya usugu wa dawa. Tumelisema hili redioni, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye kliniki za wajawazito, na bado linaletwa mezani kwetu kama lalamiko la kunyimwa huduma. Halitashughulikiwa kama lalamiko. Daktari aliyekataa bila kukueleza sababu, huyo unayo haki ya kumlalamikia, na lalamiko lako litapokelewa.

Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wagonjwa waliochunguzwa utumbo mpana, wakaonyesha kwamba kumbukumbu ya maumivu hufuata zaidi dakika iliyouma kuliko zote na dakika za mwisho, kuliko urefu wa kipimo. Katika hospitali nyingi za umma, dakika za mwisho za mgonjwa hupita kwenye dirisha la malipo. Anayeruhusiwa wodini na kushikiwa karatasi kwa saa tatu kwa sababu ya hesabu ambayo hakuwahi kuelezwa, atayakumbuka masaa hayo kuliko upasuaji uliofanikiwa.

Kuhusu malipo, utaratibu ni kama ifuatavyo na hauna mlango wa pembeni. Malipo ya huduma katika kituo cha umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi, ambayo mgonjwa anapaswa kuitunza hata akishapata huduma. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wamewekewa msamaha katika sera, na mzee anashauriwa kuja na barua ya serikali ya kijiji au mtaa wake, aonane na afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirishani. Fedha inayoombwa kwa mkono, kwa jina lolote lile, iwe ya soda, ya glavu au ya kuharakishiwa, ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 15, inamhusu anayeomba na anayetoa vilevile, na adhabu zake ni faini, kifungo au vyote viwili. TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Lalamiko la huduma huanzia kwa muuguzi kiongozi wa zamu au mkuu wa idara, kisha dawati la huduma kwa mteja, kisha Mganga Mfawidhi. Lisipopata jibu hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa kulingana na ngazi ya kituo. Ukiukwaji wa maadili ya taaluma huweza kupelekwa moja kwa moja Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambayo yana mamlaka ya kuonya, kusimamisha na hata kufuta jina katika rejista. Andika tarehe, saa, idara na namba ya stakabadhi. Jina la mtumishi si lazima, kwa kuwa orodha ya zamu itamtambulisha, na bila tarehe na saa hatuwezi kuitafuta zamu hiyo.

Wapo wanaosema kwamba anayelalamika huwekewa alama katika faili na kunyimwa huduma siku nyingine. Maelezo ya lalamiko hayana nafasi katika faili la matibabu, na mtumishi anayemlipizia mgonjwa anafanya kosa jipya la kinidhamu juu ya lile la kwanza. Siri ya ugonjwa wako nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 kwa wanaohusika.

Ukipenda kuijaza fomu nyumbani, baada ya siku mbili tatu, ichukue na uirudishe siku ya kliniki. Maelezo yaliyoandikwa nje ya geti ndiyo yanayotufaa zaidi. Asiyejua kusoma anaweza kueleza kwa mdomo mbele ya afisa ustawi wa jamii, kwa Kigogo, Kirangi au Kiswahili kadiri mkalimani atakavyopatikana, na kabla ya kuweka dole gumba ana haki ya kusomewa yote yaliyoandikwa kwa niaba yake.