Popo anayelala ndani ya jani la mgomba

Saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye shamba moja huku Dagoretti, Nairobi, huwa nasimama kimya nikitazama jani la mgomba ambalo bado halijafunguka. Limesimama wima, limejikunja kama bomba. Giza likianza kuingia, kiumbe kidogo huchomoka mdomoni mwa bomba lile na kuruka, halafu kingine. Ni popo wa migomba, Afronycteris nana. Uzito wake ni gramu tatu au nne hivi, kama sukari ya kijiko kimoja cha chai.

Wengi wakisikia popo huwaza wale wakubwa wanaogombania matunda. Huyu hagusi tunda. Hula nondo wadogo, inzi na mbawakawa, akiwasaka kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Sauti hiyo ni ya karibu kilohezi 70, yaani mitetemo elfu sabini kwa sekunde, na sikio la binadamu linakomea kilohezi 20, kwa hiyo hatuisikii. Naulizwa kila mara kama anamaliza mbu. Anawala, ndiyo, lakini endelea kulala ndani ya neti.

Kinachonivuta zaidi ni nyumba yake. Jani changa halikai limefungwa. Linakua, mdomo unapanuka, na baada ya siku chache tu halimfichi tena, basi inabidi ahame. Maisha yake yote ni kutafuta jani jingine. Na humo ndani kunateleza, kucha hazipati pa kushika. Ndiyo maana vidole gumba na nyayo zake zina vijinyama laini vinavyong'ang'ania jani.

Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, huacha mwili upoe mchana ili asimalize nguvu. Ukimkuta amepoa hivyo asubuhi, usidhani amekufa. Usimshike kwa mkono mtupu pia, maana popo yeyote akiogopa huuma, na wengine hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.

Mama mwenye shamba hukatia ng'ombe majani. Nilimwomba awe anaacha yale yaliyojikunja, achukue yaliyokwisha kufunguka. Alikubali, na siku hizi yeye ndiye hunipigia simu: "Daktari, wamehama." Jana nilikuta jani letu la wiki iliyopita limetandazika juani. Wawili walikuwa kwenye mgomba wa tatu, upande wa mtaro.